UZI: Redio ya gari kutoka Japani, sauti ya kopo. Tuanze wapi kuitengeneza?

Mshale_wa_Amani
Assalaam aleikum wanajukwaa. Gari ni Toyota IST ya 2004, redio ile ile iliyokuja nayo, spika nne za karatasi milangoni. Ukivuka nusu ya sauti inapasua. Ukiweka taarab unasikia udi, kanuni na fidla, lakini yule wa besi kama hakuja kazini. Simu inaingia kwa kile kidude cha FM cha kuchomeka kwenye kiberiti. Stesheni nyingi za hapa Unguja redio haizishiki. Fedha si nyingi, hivyo nataka kujua kipi kitangulie: redio, spika, amplifaya au sabufa (spika ya besi)?

Dereva_wa_505
Sabufa mbili za inchi 12 nyuma, kazi imekwisha. Maswali ya nini.

FundiWaya_Mikunguni
Waaleikum salaam. Usinunue kitu kwanza. Nusu ya gari zinazolalamikiwa "spika mbovu" spika zake ni nzima.

Anza na hicho kidude cha FM. Matangazo ya FM yanabeba sauti mpaka hezi (mitetemo kwa sekunde) 15,000 basi, juu ya hapo panakatwa, na kidude chenyewe cha bei rahisi kinaongeza mvumo na kubana sauti. Baadhi ya redio za Toyota za umri huo zina tundu la nyuma linalokubali waya wa AUX wa kuchomeka. Itoe redio uangalie. Likiwepo, huo waya peke yake utaonesha tofauti kuliko spika mpya.

Pili, faili. Nyimbo iliyozunguka WhatsApp magrupu kumi imeshakamuliwa. Kuigeuza kuwa MP3 ya "320" (kiwango cha juu) hakurudishi kilichokwishapotea, faili linanenepa tu. Tafuta nyimbo mbili tatu za chanzo kizuri, upimie hizo hizo kila unapobadilisha kitu.

Tatu, zima kitufe cha LOUD, rudisha besi na trebo kwenye sifuri, kisha tembeza balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) ili usikie spika moja moja. Inayokwaruza peke yake iweke alama. Toa paneli ya mlango, chomoa soketi ya spika, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Spika ya omu 4 itasoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi. Ikisoma juu sana au haisomi, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Ikisoma chini ya 2, tazama kwanza ilivyoandikwa nyuma, kwani zipo za omu 2; kama si hizo, koili imeungua. Halafu bonyeza koni (ile karatasi ya mbele) taratibu kwa vidole vitatu, usawa pande zote: ukisikia mkwaruzo, koili imehama na haitengenezeki kwa gundi. Ukingo wa sponji nao unakufa kwa joto na hewa ya bahari, unachanika ukiugusa.

Nne, chanya na hasi. Chukua betri ya saa ya ukutani, volti 1.5, gusisha mara moja tu kwenye nyaya za spika. Chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Fanya hivyo kwa zote nne. Moja ikiingia ndani wakati nyingine zinatoka, besi zinauana katikati ya gari, na hilo ni la kawaida sana kwenye gari iliyokwisha fungwa fungwa na mafundi watatu.

Kuhusu stesheni: Japani FM yao ilikuwa 76 hadi 90, sisi ni 88 hadi 108. Kile kiboksi cha kupanua FM kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio kinashusha namba. Cha kushusha 20, stesheni ya 98.5 utaikuta 78.5. Lakini ya 92 itaangukia 72, nje ya redio yako, na zile za 88 hadi 90 ulizokuwa unazipata zinaondoka. Soma kimeandikwa kinashusha ngapi kabla hujalipa.

Bi_Kanuni
@Dereva_wa_505 sabufa mbili kwenye IST yenye milango inayotetemeka ni kuweka ngoma ndani ya debe. Utasikia namba ya gari ikilia kuliko wimbo.

@Mshale_wa_Amani jibu langu ni mlango. Mlango ndio boksi la spika yako, na kiwandani waliuacha wazi. Koni ikisukuma mbele inavuta nyuma wakati huo huo. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kupita, inakutana na ya mbele na sauti nzito zinafutana. Ndiyo maana udi unasikika na besi haipo: sauti nyembamba hazidhuriki sana, nene ndizo zinazokufa. Ukiweka spika ya gharama kwenye mlango huo huo, utapata trebo kali zaidi na besi ile ile.

Kwa milango miwili ya mbele inatosha. Ya nyuma iache mpaka upate nafasi. Mahitaji ni shiti za butili (mpira unaonata) zenye karatasi ya aluminiamu, unene wa milimita 2, kiasi cha mita ya mraba moja na nusu hadi mbili. Roli ndogo ya chuma au ya mbao. Spiriti na vitambaa. Mkasi mzuri, na glavu, maana ile aluminiamu inakata kama wembe.

Kutoa paneli: skrubu moja iko nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya kishikio, imefichwa na kifuniko kidogo. Zilizobaki ni klipu. Vuta kuanzia chini kwa kibao cha plastiki, si bisibisi. Nunua klipu sita za akiba kabla hujaanza, kwa sababu plastiki iliyopikwa na jua miaka ishirini lazima baadhi zivunjike, na paneli yenye klipu pungufu itakuwa mlio mpya.

Ndani utakuta nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ikunje taratibu. Gundi iliyobaki usiikwangue kwa kisu, chukua bonge lake lenyewe uibandue kwa kugusisha gusisha, inafuatana. Kisha spiriti mara mbili. Shiti iliyobandikwa juu ya vumbi au mafuta itakuwa chini ya mlango kufika kaskazi.

Ubao wa nje (bati unaloligusa ukiwa nje ya gari) hauhitaji kufunikwa wote. Piga kwa kifundo cha kidole: panapolia "teng" weka shiti, panapolia "tup" pita. Robo mpaka nusu ya bati inatosha, ukianzia hasa nyuma ya spika. Kandamiza kwa roli mpaka vile vijimistari vya aluminiamu vilale. Bati la ndani ndilo la kuziba: yale matundu makubwa yafunike yote, ukiacha njia za fimbo za loki na waya. Tundu kubwa kuliko kiganja liwekee kwanza kipande cha plastiki ngumu au aluminiamu, butili juu yake. Butili peke yake ikitandwa hewani inakuwa ngoma.

La kutosahau: chini kabisa ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. USIVIZIBE. Mvua ya masika inaingia kwenye mpira wa kioo siku zote, na maji yakikosa pa kutokea, mlango unaoza kutoka ndani. Kwa hewa yetu ya chumvi haichukui muda. Na kabla hujarudisha paneli, shusha kioo mpaka mwisho, pandisha, funga na fungua loki mara tano.

Msuka_Wete
Huku Pemba butili ni ya kuagiza. Ile tepu nyeusi ya kuzibia mapaa, yenye aluminiamu juu, si hiyo hiyo tu?

Bi_Kanuni
Sura moja, tabia mbali yakhe. Nyingi za mapaa ni lami. Mlango ulioelekea jua la saa saba unapikika, lami inalainika, inateremka kwenye mashine ya kioo, na gari inanuka barabara mpya. Ijaribu: kata kipande, kibandike kwenye bati, kiweke juani wima siku nzima. Kikiteleza au kikinuka lami, kibakie paani. Ya butili haitembei wala hainuki sana. Agiza Dar ije kwa boti, haiharibiki njiani.

FundiWaya_Mikunguni
Namuunga mkono Bi Kanuni, niongeze la kufungia spika.

IST na ndugu zake wengi wa Toyota mbele ni sentimita 16, tunazoziita inchi sita na nusu, zimekaa juu ya ringi ya plastiki yenye masikio. Spika mpya haziingii moja kwa moja, zinataka ringi. Mafundi wengi wanachonga MDF (ubao wa unga wa mbao). Kwa visiwa hivi MDF ndani ya mlango ni biskuti kwenye chai. Tumia kile kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, unene wa milimita 12 hadi 18. Hakinywi maji, kinakatika kwa msumeno wa jiksoo na skrubu zinashika. Plaiwudi ya boti nayo inafaa, ila ipakwe rangi pande zote pamoja na ukingo wa ndani wa tundu.

Pima kina kabla hujakata: shusha kioo chote, pima kutoka bati la ndani mpaka kioo, linganisha na kina cha spika, acha milimita 5. Sumaku ikigusa kioo ndipo utajua kwa nini ringi ya milimita 12 haikutosha. Kati ya ringi na bati weka ukanda wa sponji, kati ya spika na ringi vile vile. Na mbele ya spika zungushia ukanda mnene wa sponji ugote nyuma ya paneli, sauti itoke kwenye wavu badala ya kujaza paneli kwa ndani.

Kuhusu wati zilizoandikwa: redio inayojisifu "50W x 4" haiwezi. Volti 14.4 za gari zikipita kwenye chipu ya redio, kwenye spika ya omu 4 unapata kama wati 17 hadi 22 safi kwa chaneli. Hata hizi za Android zenye chipu ya TDA7388, mtengenezaji wa chipu mwenyewe anatoa wati 26 kwa chaneli sauti ikiwa imeshaharibika asilimia 10. Kwa hiyo usichague spika kwa kutazama "400W" kwenye boksi. Tazama namba ya hisia, ile yenye dB, inayoonesha spika inalia kiasi gani kwa nguvu ile ile. Spika ya dB 91 na ya dB 88: ya pili inataka nguvu maradufu kufika sauti ile ile. Kwa redio isiyo na amplifaya chukua 90 na zaidi.

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba): ya kiwandani ina kapasita moja tu, ya kuzuia sauti nene. Ya maikrofaradi 4.7 kwa omu 4 inaanza kupitisha kwenye hezi 8,500 hivi. Ukibadilisha wufa (spika kubwa ya mlango) na kubakisha twita ya zamani unaweza kubaki na pengo katikati, na uwazi wa sauti ya mwimbaji ukapungua. Bora seti yenye krosova yake (kiboksi cha kugawa sauti nene na nyembamba). Na krosova ifunge nyuma ya paneli juu, si chini kwenye maji.

Mshale_wa_Amani
Shukran nyingi. Kabla ya kugusa nyaya, nichomoe betri? Nimesikia redio za Kijapani hujifunga.

FundiWaya_Mikunguni
Kama ni CD ya kawaida, chomoa bila hofu, utapoteza saa na stesheni tu. Zile za Toyota zenye navigesheni ndizo zinazoomba kodi (namba ya siri) ukirudisha betri, na bila kodi ni kioo cha kujitazamia. Kwa hizo usichomoe. Zima gari, toa ufunguo, toa fyuzi ya redio… hapana, hiyo nayo inakata umeme wa kumbukumbu. Fanya kazi na umeme ukiwepo, funga kila ncha ya waya kwa tepu, na usiguse waya wa buluu wenye mstari wa njano, ndio wa umeme wa moja kwa moja kutoka betri kwenye Toyota nyingi. Kijivu ni wa ufunguo, kahawia ni hasi. Lakini rangi ni za kukuongoza tu, mita ndiyo hakimu.

La muhimu kuliko yote: hasi ya spika SI bodi ya gari. Chipu hizi zinasukuma spika kutoka pande zote mbili, kila waya una volti 6 au 7 juu ya bodi. Ukiunganisha hasi za spika mbili pamoja, au ukazigusisha bati, chipu inaweza kuungua papo hapo. Gari nyingi "zilizokufa redio zenyewe" zimekufa hivyo.

Dereva_wa_505
Mnaongea milango tu. Amplifaya je? Ndiyo inayotoa nguvu.

Kamba_ya_Jahazi
Amplifaya ni hatua ya tatu, baada ya mlango na spika, lakini ukifika fanya sawa. Mfano: chaneli nne za wati 50 za kweli. Hizo ni 200. Aina ya AB inafanya kazi kwa asilimia 55 hivi, kwa hiyo inavuta 200 ÷ 0.55 ÷ 13.8, kama ampia 26. Aina ya D, kama 18. Waya wa shaba milimita za mraba 10 na fyuzi ya 30 vinatosha. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 30 hadi 45 kutoka betri. Kazi yake ni kuokoa gari waya ukichubuka kwenye bati, kwa hiyo fyuzi iliyokaa nyuma karibu na amplifaya haikulindi kitu.

Angalieni nyaya za "kiti kamili" (seti ya nyaya za amplifaya zinazouzwa pamoja). Kwangua kwa kisu: nje nyekundu na ndani nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo na inaoza upesi kwa chumvi. Ukilazimika, panda mpaka milimita 16. Kinyume chake, nje nyeupe na ndani nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, ya kufungia maboti. Mtu akikuuzia kipande cha hiyo, chukua.

Hasi: chagua bati nene la bodi, si boliti ya kiti yenye rangi. Kwangua mpaka ling'ae, terminali ya pete, boliti na washa ya meno, waya usizidi nusu mita. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu yake, la sivyo mwezi wa tatu utakuta kutu ya machungwa na redio inakata kata.

Redio ya kiwandani haina matundu ya RCA (ya waya za kupeleka sauti kwenye amplifaya), hivyo tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja. Usinunue kibadilishaji cha waya za spika kuwa RCA cha bei ya soda, kinakula besi.

Sasa geini. Geini si kitufe cha sauti, ni kulinganisha redio na amplifaya. Chomoa spika. Zima filta na BASS BOOST. Weka redio robo tatu ya sauti, cheza faili la mlio wa hezi 400 kwa milango, 50 kwa sabufa (mita za bei nafuu zinadanganya juu ya 400). Mita iweke volti za AC kwenye matundu ya spika. Volti unazotaka ni kipeuo cha pili cha (wati mara omu): 50 × 4 ni 200, kipeuo chake 14.1. Zungusha mpaka 14, simama hapo. Sabufa ya wati 300 kwa omu 2: volti 24.5. Halafu rudisha filta, milango ikatwe chini ya hezi 80, sabufa ikatwe juu ya 80. Spika haiungui kwa sauti kubwa safi upesi kama inavyoungua kwa amplifaya iliyopandishwa geini mpaka mawimbi yakakatwa vichwa.

Msuka_Wete
Hapo hapo: mlio wa "wiiii" unaopanda ukikanyaga mafuta?

Kamba_ya_Jahazi
Huo unatoka oltaneta. Chomoa RCA (au waya za spika zinazoingia) kwenye amplifaya. Mlio ukibaki, tatizo ni hasi ya amplifaya au umeme wake. Ukiondoka, unaingia kwa RCA au redio: ama hasi ya redio imekaa mahali tofauti na yenye kutu, ama RCA imepita sambamba na waya wa umeme. Waya wa umeme upite upande wa dereva, RCA upande wa abiria. Ukisikia tu pale simu inapochajiwa na AUX imechomekwa pamoja, chaja ndiyo mwenye kosa. Usikimbilie kifilta cha kuweka kati kabla hujapima hasi: mita kwenye volti, gari ikiwaka na muziki ukipiga, ncha moja hasi ya betri, nyingine hasi ya amplifaya. Ikizidi 0.2, kwangua upya.

Na gari isiyowaka betri nzima isome 12.6, ikiwaka 13.8 hadi 14.4. Betri ndogo ya NS40 usiipigie muziki saa nzima Forodhani gari imezimwa halafu ulaumu amplifaya.

Dereva_wa_505
Haya, nimekubali. Lakini besi ya kweli bila sabufa haipo.

Bi_Kanuni
Hapo hujakosea. Mlango mzuri unashuka mpaka hezi 60 au 70. Nyuzi ya chini kabisa ya besi ya taarab ni hezi 41. Kwa IST sabufa moja ya inchi 8 ya chini ya kiti yenye amplifaya yake, au inchi 10 kwenye boksi lililozibwa la lita 20 hadi 28. Moja. Na igeuze swichi ya PHASE (inayobadilisha chanya na hasi ya sabufa) huku unasikiliza ukiwa umekaa kiti cha dereva. Upande wenye besi nyingi zaidi ndio sahihi.

Mshale_wa_Amani
Nimeshaelewa: mlango, spika, halafu mengine. Mpaka nipate amplifaya, kuna njia ya kuzuia besi isipasue spika za nyuma, ambazo bado ni za zamani?

FundiWaya_Mikunguni
Ipo. Kapasita moja kwenye waya wa chanya wa kila spika. Maikrofaradi 330 kwa omu 4 inaanza kukata chini ya hezi 120. Lazima iwe isiyo na upande wa chanya na hasi. Ukikosa, chukua mbili za 680 za volti 35, ziunganishe hasi kwa hasi, zinakuwa kama 340. Lehemu, funika kwa mrija wa kusinyaa, funga kwa kamba ya plastiki zisigongane na bati. Kisha vuta feda mbele kidogo, mbele ipewe kazi zaidi.

Msuka_Wete
Volti 16 haifai? Ndizo zilizopo Chake.

FundiWaya_Mikunguni
Kwa redio bila amplifaya zitaishi, kwa joto la mlango hazitaishi sana. Ngojea 25 au 35.